Wazazi Kumi na Wanne Ambao Hukuwazalisha

Hadija mwanangu,

Umekwenda Ujiji kumuaga bibi yako, na najua hatakuachia kabla hujala, kwa hiyo nina muda. Baba yako yuko sebuleni anazipiga pasi sare zako kwa mara ya pili. Kila aliyepita hapa barazani tangu asubuhi ameambiwa kwamba binti yake kesho anapanda boti Kibirizi, anakwenda kuwa muuguzi wa kijiji kizima. Kila akisema "kijiji kizima" naingia ndani kama mtu aliyesahau chungu jikoni.

Mambo ya chandarua, mchele na betri za tochi umeshaambiwa na watu wenye akili kuliko mimi. Mimi nina neno moja tu, na limenishinda tangu Ijumaa. Jana nilikuita jikoni kwa makusudi ya kulisema, nikafungua mdomo, ikatoka habari ya sabuni. Ukaniangalia, ukasema, "Mama, sabuni umeshaniwekea miche mitatu." Nikasema haya, vizuri. Ukaenda zako. Ndiyo maana naandika.

Neno lenyewe ni hili. Kitabu chako cha vitendo kinasema umezalisha wazazi ishirini. Umezalisha sita. Wale kumi na wanne niliwajaza mimi kwa sahihi yangu, na wewe unajua, na mimi najua, na hatujawahi kuliongelea hata siku moja. Chuoni ulikuwa unaniita Madam, nyumbani unaniita Mama, na kote kuwili tulinyamaza.

Sikuanza hivyo, Hadija. Mwaka wa kwanza nilipoajiriwa pale chuoni nilikuwa mkali mpaka wanafunzi walinipa jina ambalo sitakuandikia. Mtu akiniletea kitabu nilimuuliza: mzazi huyu alikuwa mimba ya ngapi, mtoto alilia saa hiyohiyo au alichelewa, kondo lilitoka lenyewe au mlilisubiri? Akibabaika nilimrudishia kitabu chake. Nilijiona mkunga wa kweli ninayelea wakunga wa kweli.

Kisha wanafunzi wakaongezeka. Mkuu wa chuo alipokea darasa kubwa, mwaka uliofuata akapokea kubwa zaidi, na vyuo vingine navyo vilileta watu wao kwenye wodi ileile ya wazazi. Wewe mwenyewe ulikuwepo. Mwanamke mmoja kitandani, makoti meupe yamemzunguka mpaka haoni mlango. Unamkumbuka yule mama wa Rusimbi aliyewatazama, akaniuliza kwa sauti ya wodi nzima, "Dada, nimekuja kuzaa au nimekuja kuonyeshwa?" Mlicheka mkaziba midomo. Mimi pia nilicheka. Alikuwa na uchungu wa saa kumi na bado alituzidi akili.

Pale ndipo tulipoanza kile mlichokiita kugawana mzazi. Mmoja anadaka mtoto, wanne wanasimama nyuma, na jioni vitabu vitano vinaandika uzazi mmoja, jina lilelile, namba ileile ya faili. Nililijua. Mara ya kwanza nilikataa. Halafu ikafika ile wiki ya mwisho kabla ya majina kupelekwa kwenye mtihani wa leseni, na mkuu wa chuo akanijia ofisini na vitabu vya waliowatangulia kwenye kiroba, akakiweka juu ya meza yangu. Akasema, "Madam, Baraza la wauguzi halimpokei ambaye kitabu chake hakijajaa. Ukikataa, hawa watoto wanakaa nyumbani mwaka mzima. Wengine hawatarudi. Amua wewe."

Nilisaini mpaka kidole kikaota sugu. Nilijiambia ni huruma. Watoto wa watu wametoka Kasulu, wametoka Kibondo, mzazi ameuza ng'ombe, mimi ni nani nimzuie mtu kwa sababu wodi ina vitanda vichache? Nakwambia huruma hiyo ilikuwa rahisi sana kwangu. Haikunigharimu kitu. Ingenigharimu kama ningekwenda kwa mkuu wa chuo nikamwambia apokee wanafunzi nusu, au kama ningewapeleka nyinyi kwa zamu usiku na Jumapili mimi mwenyewe nikiwa nimesimama pembeni. Nilichoka, nikasaini.

Sasa nikwambie la wakaguzi, maana hili nalo ulikuwepo, na linanitia haya kuliko lile la vitabu.

Baraza lilipotuma taarifa kwamba wanakuja kutukagua, chuo chetu kilikuwa na mdoli mmoja wa kuzalishia, tena kichwa chake kimetoka. Mkuu wa chuo akaazima midoli minne kwa wenzetu, na vitanda, na vile vifaa vya kumpulizia mtoto hewa. Wewe na wenzako ndio mliovibeba kutoka kwenye gari. Wewe ulishika miguu ya mdoli, Saida akashika kichwa, mkawa mnapiga kelele, "Mpisheni mzazi! Mpisheni mzazi!" Nilikuwa mlangoni nikacheka mpaka machozi. Mwanangu anabeba uongo wa chuo kwa mikono yake, na mimi mama yake na mwalimu wake nimesimama pale nacheka. Na kabatini kulikuwa na mafaili ya wakufunzi watatu ambao hujawahi kuwaona, kwa sababu hawakuwa wetu. Vyeti vyao tu ndivyo vilivyofundisha.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, miguu imevimba kwa safari. Wenzake walikwenda ofisini, yeye akaniomba nimwonyeshe chumba cha vitendo. Tukawa wawili. Akamshika mdoli mmoja, akamgeuza taratibu kama anavyogeuzwa mgonjwa, na mgongoni palikuwa na jina la chuo kingine limeandikwa kwa kalamu nene. Hatukuwa tumeliona. Alilisoma. Kisha akamlaza mdoli kama alivyokuwa, akaniuliza, "Madam, hawa wanafunzi wanavitumia vifaa hivi mara ngapi?"

Nikasema, "Kila siku."

Akaniangalia, Hadija. Alinipa muda mrefu kabisa wa kusema kitu kingine. Nadhani alikuwa ananiomba. Angepata neno moja tu kutoka kwa mtu wa ndani, angekuwa na pa kuanzia. Sikusema. Akaandika "kila siku" kwenye karatasi yake, na sijui kwa nini aliandika, labda na yeye alikuwa amechoka, labda na yeye ana mkubwa wake. Mchana wakala migebuka ya kuchoma pale chuoni, wakasifia ziwa letu, wakaondoka.

Miezi michache baadaye ikaja barua ya Baraza yenye masharti: ongezeni wakufunzi, ongezeni vifaa, punguzeni wanafunzi kwa kila mwalimu. Niliisoma nikafurahi, nikadhani sasa tumeshikwa. Mkuu wa chuo akajibu kwa barua nzuri kuliko yao, yenye picha na mihuri. Wakajibu kwamba wameridhika. Midoli ilikuwa imesharudi kwa wenyewe muda mrefu. Mimi mwenyewe niliwahi kuwaandikia, bila kukwambia wewe wala baba yako. Nilijibiwa kwamba malalamiko ya mtumishi yapitie kwa mkuu wa chuo chake. Nikaiweka barua kwenye droo, nikaendelea kufundisha.

Na Ester je? Unamkumbuka Ester, yule mrefu aliyewatangulia mwaka mmoja, aliyekuwa anakuja hapa Katubuka kunisaidia kusuka vikapu nikimfundisha dozi za dawa. Ulipouliza kwa nini ameacha kazi nilikwambia ameolewa. Si kweli. Nilikudanganya.

Alipangiwa zahanati kule kusini mwa ziwa, peke yake, kama wewe unavyopangiwa kaskazini. Siku moja nilikuwa sokoni Mwanga nachagua dagaa, simu ikaita. "Madam, shikamoo." Nikaitika. Hata siku ile alianza na shikamoo. "Madam, mzazi amejifungua salama lakini damu haikatiki."

Nikamuuliza amechoma sindano ya kukaza kizazi. Amechoma. Kibofu kimetolewa mkojo? Kimetolewa. "Basi sugua tumbo, kizazi kijikaze. Kama bado, ingiza mkono mmoja chini, mwingine juu ya tumbo, ubane kizazi katikati." Kisha akasema, kwa sauti ya mwanafunzi anayeogopa kukosea mbele ya darasa, "Madam, nabanaje?"

Nilikuwa nimesaini kwamba amelifanya hilo kwa mikono yake. Sahihi yangu iko pale, na tarehe. Nikamweleza, nimesimama katikati ya watu, mkono wangu mmoja umekunjwa ngumi hewani kama mwendawazimu, muuza dagaa ananitazama. Ester alikuwa anaitika tu, "Ego, Madam. Ego, Madam." Nyuma yake namsikia mama mtu mzima akimwita mwanawe kwa Kiha, anamwambia asilale. Boti ya kumleta mjini ilikuwa imeshaondoka. Ester akaacha kuitika. Simu haikukatika, nilikuwa nazisikia sauti za watu.

Yule mwanamke alifariki, akaacha mtoto mzima wa afya. Ester aliitwa mbele ya kamati, akakalishwa upande mmoja wa meza na watu wazima watano upande wa pili. Walimfungulia kitabu chake cha vitendo wakamuuliza: umefundishwa hili, mbona hukulifanya sawasawa? Akasema ndiyo, nilifundishwa, ni uzembe wangu. Hakunitaja. Hakuna aliyeniita. Na mimi sikwenda mwenyewe, Hadija. Nilikaa hapa nyumbani siku mbili nikisema nina malaria. Leo Ester anauza vitenge, tukikutana anapiga goti ananiamkia, na ninaitikia marahaba kama mtu mwenye haki ya kuamkiwa.

Wewe ulipoingia chuoni niliapa kwamba wewe nitakufundisha mimi. Unakumbuka ule mto wa kitandani tuliouchana, na taulo tulilofunga likawa mtoto? Baba yako akiingia sebuleni anarudi nyuma anasema, "Samahani, wodini hawaruhusiwi wanaume." Tulifanya wiki mbili. Kisha ikaja mitihani ya kusahihisha, mimi nikiwa na madarasa ya wakufunzi watatu wasiokuwepo, na mto ukarudi kitandani. Kitabu chako kilipofika mezani kwangu ndani ya kiroba cha mwaka wenu, nilikuwa nimeapa kukiweka pembeni. Nilikisaini cha kumi na moja, katikati ya vya wenzako, bila hata kunyanyua kalamu.

Sikuandikii haya kukuvunja moyo. Wale sita niliwaona, nilikuwa nimesimama nyuma yako. Una mikono mizuri, hukurupuki. Yule binti wa mwisho, aliyekuwa analia kwamba atakufa, ulimshika kiganja ukamuuliza jina atakalompa mtoto, akasahau kulia akaanza kubishana na wewe juu ya majina. Hilo sikukufundisha mimi. Lakini wote sita walikuwa uzazi mwepesi, Hadija. Hujawahi kuona damu isiyokatika. Hujawahi kumshika mtoto asiyelia akawa wa kwako peke yako. Umejibu maswali ya mambo hayo kwenye mtihani na ukapata alama za juu, na ndiyo maana una leseni halali kabisa ambayo hakuna mtu anayeweza kukunyang'anya, hata mimi.

Nimejaribu. Alhamisi niliposema nakwenda kwenye kikao cha kikoba, nilikwenda kwa mganga mkuu wa halmashauri. Ni kijana wa umri wa kaka zako wakubwa, aliniamkia vizuri, akanipa kiti. Nikamwomba asikupeleke peke yako, akuweke kwanza hospitalini hapa mjini chini ya mkunga mzoefu, hata miezi sita.

Akatabasamu. "Mama yangu, kila mzazi anayeingia humu anataka mwanawe abaki mjini."

Nikamwambia siyo hivyo. Nikamwambia yote. Kiroba, midoli, wazazi kumi na wanne. Akainuka akafunga mlango, akarudi akafungua faili lako.

"Makaratasi yake ni safi. Kitabu kimejaa. Amesaini nani?"

"Mimi."

"Na leseni ametoa nani?"

"Baraza."

"Sasa mimi nimkatae kwa karatasi gani, Mama?"

Sikuwa na karatasi. Akalifunga faili, akaongea taratibu. Zahanati ile, alisema, haina muuguzi tangu wa mwisho ahame. Wanawake wanazalia nyumbani au ndani ya boti wakija huku. "Nikimsubiri aliyefundishwa sawasawa, hao wanamsubiri nani?" Kisha akanisindikiza mpaka mlangoni, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Haya uliyoniambia leo sijayasikia. Kwa heshima yako." Alidhani ananitendea wema.

Nimelifikiria swali lake mpaka kichwa kinauma. Nikikwambia usiende, kijiji kinabaki bila mtu. Nikikwambia nenda, nakupeleka kwenye ule mlango alioingia Ester. Muuguzi aliyefundishwa nusu ni bora kuliko hakuna muuguzi? Mchana nasema ndiyo, nikimwona baba yako na ile pasi nasema hapana. Sijui, mwanangu. Nimefundisha ukunga miaka yote hii na hilo sijui. Kuna wakati leo nimesimama mlangoni mwa chumba chako nikaangalia sanduku, nikataka kulifungua nikavitoa vitu vyote nirudishe kabatini, kama ulipokuwa mdogo ukitaka kwenda kulala kwa bibi na una homa. Nimesimama tu.

Ninachoweza kukuomba ni kidogo na kinaudhi. Mzazi akija na ukaona jambo ambalo hulijui, sema hulijui. Liseme mapema, mchana, boti zikiwa bado zipo, liseme mbele ya mama mkwe wake na mumewe na mwenyekiti wa kijiji. Watakuambia wewe si ndiye muuguzi, umesomea nini? Watasema serikali imewaletea mtoto. Wanawake wa kule wana maneno, watakutania mpaka kisimani. Vumilia. Kuna atakayesafirishwa bure akajifungua njiani bila shida yoyote, akarudi akikusema kijiji kizima. Msafirishe na mwingine. Huko mbele ya Mwamgongo simu zinashika kwa kubahatisha, na hata zikishika, umeona jinsi simu yangu ilivyomsaidia Ester.

Siku moja, Mungu akipenda, na wewe utaletewa wanafunzi, watakuja na vitabu vyao na macho ya kuomba. Utawahurumia sana. Nakujua.

Na kuna jambo moja la mwisho, ndilo hasa lililonikalisha hapa. Nimekulea kwenye nyumba ambayo mtoto hamwanikii mzazi wake aibu. Bibi yako alinilea hivyo, nami nikakulea hivyo, na umelishika vizuri mno. Ndiyo maana ulikipokea kile kitabu kutoka mkononi mwangu ukasema "Asante, Madam" ukaangalia chini. Ester hakuwa mwanangu, na bado alinisitiri mbele ya watu watano, akachukua kosa langu akaondoka nalo. Wewe ambaye ni damu yangu utafanya zaidi. Nalijua hilo kama ninavyojua unavyolala, na ndilo linaloniogopesha kuliko damu yenyewe.

Basi nakutoa katika malezi hayo, kwa hili moja tu. Mungu apishe mbali, lakini siku wakikukalisha upande wako wa meza, wakakufungulia kitabu wakaanza na jina la saba, wakauliza ulimzalisha huyu? Sema hapana. Na wa nane, hapana. Endelea mpaka wa ishirini. Wakikuuliza basi nani alisaini, usiangalie chini. Nitaje. Taja jina langu lote, na useme ni mama yako, na uwaambie yupo Katubuka, hajafa, waje wamchukue.

Nasikia baba yako anakuamkia getini kwa mbwembwe zake, anakuita daktari. Umerudi. Barua nitaiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya sare, uikute ukiwa umeshafika, maana nikikupa mkononi utanikumbatia uniambie, "Mama, yaishe," na mimi nitakubali.

Mungu akutangulie mwanangu, awatangulie na wanawake hao.

Mama yako,
Mariamu Hamisi,
mkufunzi wa ukunga